Pumzi ya Sharifa

7 Oktoba

Mimi ni Hashimu Chilumba wa Mahurunga. Nina miaka themanini na moja. Reli ya kubebea karanga niliiona ikilazwa, nikaiona iking'olewa, mimi nipo. Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuja mpaka bomu likaua mbuzi wetu upande huu, vikaisha, mimi nipo. Ugonjwa wa ubwiriungu ulikausha mikorosho wilaya nzima, mikorosho ikapona, mimi nipo. Kaka zangu wote nimewazika. Mke wangu wa kwanza nimemzika, Mungu amrehemu. Wenyeviti wa kijiji nimewazoea kama mvua, wanakuja wanapita. Kusoma nilijifunza elimu ya watu wazima, nikawa wa kwanza, na mwalimu alisema herufi zangu ni kubwa kiasi kwamba hata mwenye mtoto wa jicho atazisoma.

Nasema hayo ili ijulikane anayeandika si mtu wa kuogopa ovyo. Lakini leo naogopa.

Jana nilimpeleka mke wangu Sharifa hospitali mjini. Ana rovu shingoni miaka mingi, dogo, tulilizoea. Daktari anaitwa Gaudensi, kijana, ndevu bado hazijakubaliana naye. Akampiga picha, akasema rovu limeacha kukua nje, sasa linakua ndani, linabana njia ya hewa. Akasema likatwe kabla halijafunga kabisa. Sharifa akauliza swali moja tu.

"Nitaimba?"

"Mama, mshipa wa sauti unapita hapohapo. Tutajitahidi. Kuahidi siwezi."

Sharifa akafunga kanga yake akatoka nje. Tukiwa njiani akaniambia, "Baba Nuru, baada ya onesho. Na neno hilo la kukatwa lisitajwe nyumbani kwangu." Tulipofika akanishikisha Msahafu, nikaapa sitamwambia mtoto wetu Nuru aliyeko Dar es Salaam wala Mwalimu Dickson anayetengeneza onesho. Kusema nimekatazwa. Kuandika sijakatazwa.

9 Oktoba

Korosho zimeanza kudondoka. Mabibo mengi, nyuki wengi.

12 Oktoba

Mazoezi ya kwanza, shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani. Mwalimu Dickson anafundisha sekondari, mtu wa Bukoba, mwembamba, anasema "tafadhali" hata kwa mbuzi. Simpendi. Anashika karatasi wakati wote kana kwamba mchezo umo kwenye karatasi.

Anaufufua *Mkorosho wa Bi Salama*, mchezo wa kikundi chetu cha zamani cha utamaduni, unaoimbwa toka mwanzo hadi mwisho. Bi Salama ni mjane. Mashemeji wanataka shamba lake. Mwisho anakwenda kulala chini ya mkorosho wake, anakufa anaimba, kisha kijiji kinambeba. Wimbo wa kufia ni huu:

Mkorosho nipe kivuli,
jua limenipiga ya kutosha.
Wakija wanaodai shamba
waambie mwenyewe yupo, amelala.

Hiyo "amelala" inavutwa kwa pumzi moja. Chini yake inalia chinganga, ngoma ndogo, na mpigaji ni mimi, hajapata kuwa mwingine. Zamani niliweza kupiga, nikapangusa jasho, nikapiga tena, Sharifa bado yumo kwenye "amelala" ileile.

Mwalimu aliwaambia vijana, "Mama Sharifa ni hazina." Ndiyo, lakini hazina haikujifukua yenyewe. Mwaka sabini na nne kikundi kilifika hapa na lori, mchezaji mmoja akashikwa homa. Mimi ndiye niliyesema, kule mpungani yupo msichana anaamia ndege, sauti yake inavuka mto. Watu husema kiongozi wetu ndiye aliyemsikia. Uongo. Ni mimi. Wakamleta na matope miguuni, akafundishwa wimbo mchana, jioni akapanda jukwaani. Baba yake akaja na fimbo. Alipofika akakuta kina mama wanalia kwa sauti ya binti yake, akaiweka fimbo chini akaikalia mpaka mwisho.

Leo aliimba vizuri. Lakini "amelala" iliishia njiani. Padogo tu. Nikapaziba na chinganga, hakuna aliyejua.

15 Oktoba

Nimemchemshia mizizi aliyokuwa akinywa mama yangu kwa kifua. Akaionja, akawapa kuku. Kuku wazima.

19 Oktoba

Leo amekuja Mwanaidi. Mungu anipe subira.

Mwanaidi ni mtani wa mke wangu, kwa sababu koo zao zimetaniana tangu enzi za mababu. Anakaa Rahaleo mjini, anauza samaki wa kukaanga, na mdomo wake una mafuta kuliko samaki hao. Mtani hakasirikiwi. Anachochukua kimechukuliwa.

"Hodi humu ndani! Mzee Hashimu, bado hujafa? Mimi nimekuja na sanda bure?"

"Karibu," nikasema, na meno nimeuma.

"Meno gani unauma wewe? Mwili wote umebaki kofia tu." Akaivua kofia yangu iliyoshonwa kwa mkono, kazi ya Lamu, akaivaa juu ya kilemba. "Nimekuokoa. Sasa kifo kikija hakitakujua."

Sharifa alicheka mpaka akakohoa, na akakohoa mpaka akashika ukuta. Mwanaidi akamtazama shingoni. Mimi nikatazama kuku. Kisha akaanza tena matusi yake, akaondoka na kofia yangu na tetea mmoja.

Huyu mwanamke nilimchukia siku aliyokufa kaka yangu Sudi. Na kaka alikuwa amemwoa dada yake Sharifa, kwa hiyo utani ukamfikia. Tumekwisha kumsalia, tunambeba, Mwanaidi kalala njiani mbele ya jeneza, kavaa koti la marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai maiti haitoki mpaka alipwe kuku aliyekuwa akimdai. Watu walicheka na machozi yanatoka. Tulimpa kuku ndipo akatupisha. Ndiyo mila, najua. Lakini mimi nilikuwa nimeshika jeneza.

26 Oktoba

Mazoezi. Pengo limekuwa kubwa. Mara ya kwanza nililiziba kwa pigo moja, leo nimelizungushia ngoma nzima. Mwalimu akasema, "Mzee, hapo umeongeza, panapendeza sana." Hajui anachosifia.

2 Novemba

Tunaokota. Sharifa anabeba nusu ndoo, anasimama, anajifanya anatazama ndege. Hapakuwa na ndege.

9 Novemba

Sasa analala amekaa, mgongo ukutani, mito miwili. Anasema kiuno. Alfajiri nikiamka kwa swala naisikia pumzi yake kabla ya muadhini. Inapiga filimbi. Nimesikia lori letu la zamani likipanda mlima wa Makonde na mzigo, ndivyo hivyo.

Nilipomtazama amekaa vile nikakumbuka safari zetu. Newala, Masasi, Songea, mpaka Dar es Salaam kwenye mashindano, ambako tulikuwa wa pili kwa dhuluma. Alilala amekaa vilevile, juu ya magunia ya mavazi, kichwa kwenye ngoma yangu. Alianza akicheza binti wa Bi Salama. Akacheza bibi harusi. Akacheza mke mwenza mwenye wivu, na hapo watu walimtupia maganda ya machungwa sokoni wakidhani ndivyo alivyo, naye akafurahi akasema, "Nimeweza." Alipofika makamo wakampa Bi Salama mwenyewe. Tulicheza kwenye kambi ya wakimbizi kutoka Msumbiji, watu hawajui Kiswahili, na ilipofika "amelala" kambi nzima iliinamisha vichwa.

Kisha kikundi kikafa. Lori likauzwa, wachezaji wakatawanyika. Sharifa akauza vitumbua Shangani mjini, akaimba harusini. Watu wa filamu walimwita mara mbili, mara zote acheze mchawi. Mara ya tatu akawaambia, "Mimi sina sura ya mchawi, nina sura ya njaa." Miaka thelathini Bi Salama hakufa mahali popote. Naelewa anachotaka. Naelewa, na bado naogopa.

16 Novemba

Leo nimegoma. Niliposikia filimbi ile inaanza katikati ya wimbo nikaweka chinganga chini.

"Mikono inauma," nikasema.

Sharifa akanitazama jinsi Bi Salama anavyowatazama mashemeji. "Pumzika, Baba Nuru." Akageuza ndoo ya korosho, akapiga mwenyewe huku anaimba. Kupiga na kuimba pamoja kunakula pumzi mara mbili. Alifika "mwenyewe yupo" akawa wa kijivu midomoni. Nikanyakua chinganga nikaziba. Nimeshindwa na ndoo.

23 Novemba

Wiki moja. Tarehe 30 onesho litakwisha, tutakwenda kwa daktari. Najiambia hivyo kila nikiinama kuokota korosho.

28 Novemba

Limesogezwa. Mgeni rasmi amesafiri. Sasa ni 14 Desemba. Mwalimu Dickson alikuja mwenyewe kwa baiskeli kuomba radhi. Nilimwambia maneno. Akasema, "Samahani sana, mzee wangu." Ugomvi na mtu wa aina hiyo hauna ladha.

2 Desemba

Mvua ya kwanza. Korosho zilizoanikwa tumezikimbiza ndani. Nilimkataza Sharifa asikimbie. Akakimbia.

7 Desemba

Mazoezi. Pengo sasa nalijua kama jino lililong'oka. Najua linapoanza. Silijui linapoishia.

13 Desemba

Redio inasema kimbunga kinaelekea Msumbiji, na sisi jirani tukae ndani. Onesho limesogezwa tena, 4 Januari. Sharifa akasema, "Alhamdulillahi, nitapata muda wa kupumzika." Akasema "kupumzika" kwa vipande viwili.

15 Desemba

Upepo, mvua, mto umepanda mpaka mpungani. Mkorosho mmoja umeanguka, ule wa kando ya kisima alioupanda mama yangu. Tumekaa ndani mchana kutwa. Ndani ukiwa na mtu mmoja anayetafuta hewa, hata wewe mwenye mapafu mazima unajikuta unavuta kwa niaba yake. Jioni kifua kinaniuma mimi.

20 Desemba

Nuru amepiga simu. "Mama anaendeleaje?" Mzima. Nimekuwa mwongo uzeeni kwa sababu ya kiapo.

24 Desemba

Leo nitaandika mpaka nichoke.

Mvua ilikatika, tukaenda shambani kuokota za mwisho. Sharifa alikuwa chini ya mkorosho mkubwa, mimi upande wa pili. Alikuwa anaimba kidogokidogo, kama mtu anayejaribu ufunguo. Kisha nikasikia kimya. Nimekaa na mwanamke huyu miaka zaidi ya arobaini na sijawahi kukisikia kimya cha namna ile. Nikazunguka mti.

Alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja shingoni, mwingine unachimba majani. Mdomo wazi. Hakuna kilichoingia wala kutoka. Midomo ikawa rangi ya bibo lililooza. Macho ananitazama, na si macho ya Bi Salama, macho ya msichana.

Mimi ambaye najisifu, sikujua la kufanya. Nilimwita jina lake, si Mama Nuru, jina lake. Nikamwinua nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamwinamisha mbele, nikampiga mgongoni kwa kiganja kama ninavyopiga chinganga, pole, pole, pigo la "amelala", kwa sababu mikono yangu haijui jingine. Nikawa nasema, "Vuta, Sharifa. Ingia hapa. Vuta." Ikaja pumzi moja nyembamba kama uzi. Kisha ya pili. Tukakaa matopeni pale sijui muda gani. Jirani yetu Rajabu alipita na baiskeli, akatuona tumekumbatiana, akacheka, "Wazee! Na mchana huu!" Akaenda zake.

Alipoweza kusema, alisema, "Usimwambie Nuru."

"Twende sasa hivi mjini."

"Zimebaki siku chache, mume wangu. Nikiingia chini ya kisu sauti ikabaki huko, nitakuwa nani? Nimekuwa mtoto wa watu, nimekuwa mke, nimekuwa muuza vitumbua. Pale juu ndipo nilipokuwa Sharifa. Niache nife mara moja mbele za watu. Baada ya hapo chukua shingo yote, wape."

Nikasema sawa.

Nilimdharau yule daktari kwa ndevu zake. Leo ningembeba mgongoni aje hapa.

28 Desemba

Nimejua jambo ambalo sikutaka kulijua.

Nilikutana na Mwalimu Dickson dukani, uso unang'aa. "Mzee, hongera! Mama amekubali! Machi tunakwenda Lindi, halafu Dar es Salaam, jukwaa kubwa kabisa. Hajakuambia? Labda alitaka kukushangaza."

Machi. Kwa hiyo "baada ya onesho" haipo. Baada ya onesho kuna onesho. Nilitaka kumfokea yule kijana, nikaona jinsi anavyofurahi kwa ajili yake, hajui lolote, maskini, na mimi ndiye niliyeapa asijue. Nikamwambia "asante, mwalimu." Mara ya kwanza.

Nyumbani nikamuuliza. Akasema, "Machi ni mbali." Kwa pumzi ile, Machi kweli ni mbali.

Mtoto haruhusiwi kujua. Mwalimu haruhusiwi kujua. Mume hasikilizwi. Ninamjua mtu mmoja tu ambaye Sharifa hawezi kumkatalia wala kumkasirikia. Nimekaa hapa nje ya nyumba nikimtafuta mwingine, yeyote. Hayupo.

30 Desemba

Nimekwenda Rahaleo.

Mwanaidi alikuwa ameketi mbele ya karai la samaki, kofia yangu kichwani, imejaa mafuta. Wanawake wa mtaa mzima wapo.

"Leteni uturi! Maiti imekuja kwa miguu yake!"

"Mwanaidi, nina shida."

"Mlango huu una utaratibu. Jogoo mzee akija kwa majike, anawika kwanza."

"Mwanaidi, tafadhali." Nimeambukizwa na yule Mwalimu.

"Sisikii jogoo."

Mimi, Hashimu Chilumba, niliyepiga ngoma mbele ya viongozi wakubwa wa nchi hii, nilisimama barabarani Rahaleo mchana kweupe nikawika. Nikawika vizuri pia, kwa sababu kazi mbovu siwezi. Wanawake walianguka kwa vicheko. Mwanaidi hakucheka. Alinyanyuka akanishika mkono akanipeleka uani.

"Ni shingo yake," akasema.

"Nimeapa nisimwambie Nuru wala Mwalimu."

"Na mimi si Nuru wala Mwalimu. Sema."

Nikasema yote. Alifuta macho kwa kofia yangu. "Kwa nini hukuja mapema, maiti wewe?"

"Kwa sababu nakuchukia."

"Hilo najua. Lakini ungekuja huku unanichukia." Kisha akauliza mchezo unavyokwisha. Nikamweleza, anakufa, analala, anabebwa. Akarudia, "Anabebwa?" Akarudi kwenye karai lake. Sikuelewa. Alisema tu, "Nenda kapige ngoma yako."

4 Januari

Nimerudi kutoka Shangani. Nitaandika leo hiihii, kwa sababu watu wameanza kuhadithia vibaya.

Jukwaa liliwekwa uwanjani karibu na bahari, mbao mpya. Baada ya alasiri watu wakajaa. Wingu lilikuwepo, halikutuangusha. Sharifa alivaa kanga nyeusi na nyekundu ya Bi Salama, akajifunga leso shingoni. Alipopanda akawa mrefu. Sijui anafanyaje. Nyumbani ananifika begani.

Aliimba nusu saa na hakuna aliyekohoa uwanja mzima. Mashemeji walizomewa. Mtu mmoja mbele alirusha kiatu. Mimi chini yake na chinganga nasikiliza kitu kimoja tu, filimbi. Ilianza ubeti wa pili. Nikapandisha ngoma kuificha. Akalala chini ya mkorosho wetu wa mbao, akaanza.

Mkorosho nipe kivuli. Sawa. Jua limenipiga ya kutosha. Sawa, na mapumziko. Wakija wanaodai shamba. Nikaona shingo inavutika kwa ndani. Waambie mwenyewe yupo. Akashika "amelala", ikapanda kama zamani, wallahi kama zamani, kisha ikakatika kama uzi na mimi nikajaza, nikajaza, na kichwa chake kikaanguka upande kabla ya zamu yake. Watu wakapiga vigelegele na kulia. Mimi nilitazama kifua chake. Kilikuwa kinakwenda. Kidogo, lakini kinakwenda.

Vijana wakaja na jeneza, wakamweka, wakainua.

"Wekeni chini!"

Mwanaidi. Alipanda jukwaani amevaa kanga nyeusi na nyekundu, leso shingoni, na ndani ya leso kafunga kiazi kitamu kikubwa kama ngumi mbili. Akatembea mwendo wa Sharifa hasa, mabega nyuma, kidevu juu. Uwanja ukacheka kwa kumtambua. Akafungua mdomo kama anayetaka kuimba, na kilichotoka ni ile filimbi. Ileile ninayoisikia alfajiri. Alishika ukuta usiokuwepo. Akapiga magoti, akachimba mbao kwa kucha, mdomo wazi, macho yamemtoka. Mimi ndiye niliyemsimulia hayo, na bado nilitaka kukimbilia kumpiga mgongoni. Kicheko kilipungua, kikabaki kwa watoto, kikaisha.

Mwalimu Dickson alisimama pembeni, karatasi zimemdondoka.

Mwanaidi akaamka akakaa juu ya mpini wa jeneza. "Mimi mtani wake. Maiti hii haitoki."

Watu wa kwetu wanajua la kujibu. Sauti ikatoka nyuma, "Mtani anadai nini?"

"Sidai kuku, nimeshakula kuku zake. Nadai siku."

"Siku gani?"

"Siku ya kwenda hospitali akatolewe hiki!" Akanyofoa kiazi shingoni akakiinua juu.

Sharifa amelala pale. Mniamini, toka aanze kumcheza Bi Salama hakuna aliyewahi kuona maiti ya Sharifa ikitikisika, hata nzi akitua puani. Akiamka, mchezo umevunjika mbele ya mgeni rasmi. Akinyamaza, jeneza haliondoki na mchezo hauishi. Akikasirika, amemkasirikia mtani, na jambo hilo kwetu halifanywi hata na mwendawazimu. Watu wakangoja. Mimi nikapiga chinganga polepole kwa vidole, kwa sababu kimya kile kingeniua.

Maiti ikasema, macho yamefumbwa, "Jumatatu."

"Sijasikia! Maiti ifumbue kinywa!"

"Jumatatu, mwizi wa kuku wee! Shuka kwenye jeneza langu!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tangu uhuru. Mwanaidi akashuka, akamshika Bi Salama mguu, na nilimwona analia. Wakambeba, mchezo ukaisha. Mgeni rasmi akasimama akampongeza Mwalimu kwa kuingiza elimu ya afya mwishoni kwa ubunifu mkubwa.

Mwalimu alinifuata nyuma ya jukwaa, machozi mpaka kidevuni. "Mzee, kwa nini hamkuniambia? Ningelifuta onesho siku ileile."

"Ndiyo sababu," nikamwambia. Nikamshika bega. Si kijana mbaya.

Tulipokaribia nyumbani Sharifa akanigeukia. Akasema, "Nasikia Rahaleo kuna jogoo mzee aliwika."

"Majogoo wapo wengi," nikasema.

6 Januari

Jumatatu. Tumekwenda. Daktari Gaudensi alisema tumechelewa lakini tumefika. Nikamsalimia kwa mikono miwili.

8 Januari

Wamemwingiza asubuhi. Nuru amefika kwa basi, hasemi na mimi, ana haki. Niko kwenye benchi na Mwanaidi. Hajanitukana tangu asubuhi. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anaogopa.

"Nitukane basi," nikamwambia.

"Nikutukane kwa lipi? Umeshaumbwa hivyo."

Ikanisaidia kidogo.

Adhuhuri muuguzi Felista akaja: ametoka, anapumua. Nilikwenda nikasimama mlangoni nikasikiliza. Hakuna filimbi. Pumzi inaingia, inatoka, haina habari na mtu. Nilikaa chini sakafuni.

9 Januari

Hajasema. Daktari amemkataza.

10 Januari

Hajasema. Mvua.

11 Januari

Anaruhusiwa kujaribu. Hataki. Anageukia ukutani. Nadhani anaogopa kusikia kilichobaki. Mwalimu Dickson alileta machungwa, akamwambia wimbo utashushwa chini, utafaa sauti yoyote. Sharifa akamtikisia kidole kukataa. Usishushe.

12 Januari

Asubuhi nilikuwa namkatia chungwa. Nikasikia kitu kama majani makavu ya mkorosho yakikanyagwa. Nikageuka. Ni yeye.

"Baba Nuru."

"Naam, mke wangu."

"Siku ile. Kwenye 'amelala'. Ulikimbiza ngoma."

Mimi! Ngoma sijakimbiza tangu nizaliwe! Nikamwambia hivyo, na kwa sauti, mpaka Felista akaja kutazama.

"Ulikimbiza," akasema. "Ulitaka niishe upesi."

Nikamenya chungwa. Kweli mikono ilikwenda mbele. Sitalisema tena, nimeliandika hapa tu. Daktari anasema sauti hiyo inaweza kupanda, inaweza kubaki hapo, tungoje mpaka mikorosho ichanue tena. Sharifa akasema Bi Salama alikuwa mjane mzee aliyelima maisha yake yote, na mwanamke kama huyo hakuwa na sauti ya ndege, hata zamani yeye Sharifa alikuwa anamwimba kwa uongo. Kisha akaniambia nilete chinganga kesho, nijifunze upya.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mwenye shaka amuulize Daktari Gaudensi, na Felista wa wodini, na Mwalimu Dickson, na wote waliokuwepo Shangani. Lakini anayeyajua kuliko wote ni Mwanaidi muuza samaki wa Rahaleo. Ni mwongo katika kila jambo na kofia yangu hajairudisha, ila hili atalisema kama lilivyo. Ukifika mlangoni kwake usihangaike kubisha hodi. Wika.